Namna ya kuwa mpangamiji, kwa kijana wa Amu

Mamangu alipomwambia jirani kwamba mwanawe amehitimu na sasa ni mpangaji, jirani aliuliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi. Simlaumu. Kiswahili kimempa jina moja anayepanga chumba na anayepanga mji, na kwetu Lamu, yaani Amu kama tuiitavyo wenyewe, huyo wa kwanza ndiye maarufu. Ukisema "nafanya kazi ya mipango", vijana wa maskani wataangua kicheko, maana mipango waijuayo wao ni ya kando. Basi humu nitasema mpangamiji, na tuelewane hivyo.

Nakuandikia wewe uliyemaliza shule au unayekaribia kumaliza, uwe wa Langoni, Faza, Mpeketoni au Witu. Nakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wanaokuja kwangu na makabrasha mapya, wakidhani kazi hii ni kuchora.

Hatua ya 1: Jua nani anafanya nini

Watu huchanganya kazi nne. Chukua mfano wa mtu aliyenunua ekari moja kijijini Hindi, huku bara ya Lamu, kando ya barabara iendayo bandarini, akitaka kujenga gesti. Mpima ardhi, yaani savea, atamwonyesha mipaka yake iko wapi na kumwekea bikoni. Msanifu majengo atamchorea gesti. Injinia atahakikisha haiporomoki. Mpangamiji anauliza maswali ambayo hao watatu hawakuajiriwa kuyauliza: hapa panafaa gesti au pamewekwa kwa kilimo? Maji machafu ya vyumba 20 yataenda wapi? Jirani yake mwenye kisima yuko umbali gani? Malori yataingilia wapi? Na ikiwa kila mwenye ploti kwenye barabara hiyo atajenga gesti, shule itakaa wapi?

Kwa hiyo kazi yetu ni kushughulikia vitu vilivyo baina ya ploti, si ndani ya ploti moja. Ndiyo maana wateja wetu hukasirika upesi. Kila mtu hupenda mpango unaomzuia jirani.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na upimaji na ramani. Serikali ya kitaifa ilibaki na kanuni za jumla na uratibu. Kwa kijana anayetafuta ajira, maana yake ni hii: ofisi si moja tena pale Nairobi, ziko 47. Sheria tunayoishika mkononi kila siku ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Ipakue uisome hata kabla ya kuingia chuo. Ni kavu kama papa wa mwaka jana, lakini inaliwa.

Hatua ya 2: Usome mji wako kwa miguu

Hapa ndipo ulipo mbele ya mwenzako wa Nairobi, na wengi wenu hamjui. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Wanafunzi hutoka nchi za mbali kuja kupima vichochoro unavyopitia wewe ukitumwa mkate. Chukua daftari, futi ya mita tano na kofia, uanze.

Anza na chumba. Ingia nyumba yoyote ya mawe Mkomani ambayo wenyewe watakukaribisha, upime upana wa msana, ule ukumbi mrefu. Utakuta ni mwembamba, mita 2.5 hadi 3, hata kama nyumba ni ya tajiri. Sababu ni boriti: mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa zaidi ya urefu huo. Basi mkoko wa Pate ndio ulioamua upana wa chumba, chumba kikaamua upana wa nyumba, na nyumba zikaamua mtaa. Ukilielewa hilo umepata somo ambalo chuoni litakuchukua muhula mzima: umbo la mji hutokana na vitu vidogo vyenye sababu.

Kisha toka nje. Pima kichochoro, uandike kama punda wawili wenye shehena wanaweza kupishana. Tazama madaka, viti vya mawe mlangoni ambapo mgeni hupokelewa bila kuona ndani. Tazama mawikio yaliyopita juu ya njia, chumba cha mwenye nyumba kikiegemea nyumba ya pili. Fikiria mkataba uliokuwapo kati ya majirani hao hata wakakubali. Simama saa saba mchana kwenye kichochoro cha Mkomani, halafu utembee hadi sehemu mpya zenye njia pana, Kashmir au Wiyoni, usimame hapo pia. Andika tofauti ya kivuli na upepo. Mvua ikinyesha, usikimbie nyumbani. Fuata maji uone yanateremka kwa njia ipi kwenda baharini na yanakwama kwa nani.

Nenda ngomeni. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na leo iko mikononi mwa Makavazi ya Taifa, watu wanaingia kusoma vitabu na kuhudhuria sherehe. Kuta ni zilezile. Ofisini tunaita jambo hilo kubadilisha matumizi, na nusu ya faili zinazopita mezani pangu ni za aina hiyo, ila ni duka linaloomba kuwa klabu ya pool.

Mwisho panda vilima vya mchanga vya Shela. Maji matamu ya mji hutoka chini ya mchanga huo. Mvua hunyonywa, ikakaa kama tabaka juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Ukivuta mno, chumvi hupanda. Ukijenga juu yake ukachimba vyoo vya shimo, unajua mwenyewe. Mgeni akitazama kwenye setilaiti huona mchanga mweupe mzuri, wenye mandhari ya bahari, usio na nyumba. Shika neno hilo, "usio na nyumba". Tutarudi kwake.

Hatua ya 3: Masomo ya shule

Kwa waliofanya KCSE, digrii inataka wastani wa C+ na kuendelea, na diploma huanzia C-. Nafasi za serikali huombwa kupitia KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni. Jiografia na Hisabati ndizo zitakazokubeba. Angalia masomo ya kundi yanayotakiwa na kozi yenyewe, maana hubadilika. Usidharau insha. Mpangamiji huandika ripoti nyingi kuliko ramani, na ripoti mbovu huzika mpango mzuri. Walio kwenye mtaala mpya waulizie mkondo wa masomo mapema, kabla hawajawekwa penye nafasi tu.

Kama alama hazikufika, usikae kitako. Chuo cha upimaji na ramani, KISM, kilichoko Ruaraka Nairobi, hufundisha upimaji, uchoraji ramani na mambo ya taarifa za kijiografia kwa diploma. Nimefanya kazi na vijana walioingilia mlango huo; wanaposhika kompyuta wenye digrii hunyamaza. Ila ujue tangu mwanzo kwamba diploma ya upimaji haikufanyi mpangamiji. Utahitaji digrii ya taaluma hii ndipo usajiliwe.

Hatua ya 4: Chuo, na kitu kiitwacho studio

Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha taaluma hii tangu 1971, kwanza kwa shahada ya uzamili. Maseno nako kuna skuli ya mipango na usanifu. Kenyatta wana mipango ya mazingira. Majirani zetu wa Tanzania wana Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambako utasoma ukizungumza Kiswahili bila kuombwa radhi. Kabla ya kukubali nafasi popote, fanya jambo moja ambalo watu hulisahau hadi mwaka wa nne: iulize bodi ya usajili wa wapangamiji kama inaitambua digrii hiyo. Jina la kozi linaweza kufanana na la mwenzako na bado lisikufikishe. Nimemwona mtu na miaka minne ya karo mkononi akiambiwa akasome tena.

Karo ni mkopo wa serikali wa HELB, basari ya kaunti, basari ya eneo bunge, na wazazi. Omba zote, omba mapema, na uweke nakala ya kila barua.

Masomo ya darasani hayana maajabu: uchumi wa miji, sheria za ardhi, takwimu, usafiri, mazingira, nadharia. Kilichonibadilisha mimi ni studio. Mnapewa mji halisi, mnaenda kikundi, mnakaa wiki kadhaa mkihoji na kupima, mnarudi kuchora mpango, kisha mnausimamisha ukutani mbele ya walimu, nao wanauchana. Utalia, kila mtu hulia. Nilichora mji wa barabara za mita 12 zilizonyooka kama rula, nikajiona Ulaya. Mwalimu akauliza kivuli kiko wapi. Mimi, mtoto wa vichochoro vya Langoni, nilisahau kivuli! Nilikuwa nimejifunza kuona haya kwa mji wangu kabla sijajifunza kuusoma.

Ushauri wangu: pale mnapochagua mada ya mwisho, chagua kwenu. Matatizo yamejaa. Moto kwenye mitaa ya makuti ambako gari la zimamoto haliingii. Bodaboda zilizojichomeka kwenye mji uliojengwa kwa punda. Taka, ambazo kisiwa hakina pa kuzisukuma. Ndau na Kiwayu ambako maji ndiyo habari ya kwanza na ya mwisho.

Hatua ya 5: Vifaa

Huhitaji pesa nyingi. QGIS ni programu ya bure ya kutengeneza ramani na inatosha kwa asilimia kubwa ya kazi. Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 itaibeba. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ina vichochoro vya Lamu na unaweza kuiongezea mwenyewe; jifunze huko, kwani kosa lako litarekebishwa na watu. Simu yako ina GPS. Futi, daftari lisiloogopa maji, penseli.

Mambo mawili yatakukosesha usingizi, nayo nitayaeleza kwa urefu kidogo.

La kwanza ni msingi wa vipimo. Ramani nyingi rasmi za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na picha za setilaiti hutumia WGS84. Ukizipandanisha bila kugeuza, kila kitu kinasogea mamia ya mita. Bara, Mpeketoni, utagundua shamba la mtu limeingia kwa jirani. Amu, ambako mji wenyewe ni ukanda mwembamba kando ya mlango wa bahari, msikiti unaweza kukutwa majini. Kabla ya kuanza kazi yoyote, tafuta kitu kimoja usichokishuku, kona ya ngome kwa mfano, uone kama kwenye tabaka zote kiko mahali pamoja.

La pili ni maji ya bahari. Picha ya setilaiti ni ya dakika moja. Je, ilipigwa maji yakiwa yamejaa au yamepwa? Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu? Ufuo unaouona kwenye picha unaweza kuwa na upana maradufu baada ya saa sita, na kwenye kisiwa tofauti hiyo ni ardhi ya kazi, ya ugomvi, na ya kesi.

Hatua ya 6: Atachimenti, au siku niliyoaibika

Chuo kitakudai mafunzo ya kazini. Omba kwa barua, miezi mitatu kabla, ukiwa na bima ya chuo na daftari la kumbukumbu za kazi. Kaunti, manispaa, makampuni ya ushauri, Makavazi, mashirika ya mazingira, wote huchukua wanafunzi. Usichague ofisi yenye kiyoyozi. Chagua yenye boti.

Mimi niliwekwa kwenye kazi ya mpango wa kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Ofisi siitaji, kosa lilikuwa langu. Nilikaa na picha ya setilaiti siku nne nikigawa rangi: makazi, misikiti, shule, minazi, mikoko. Kando ya pwani kulikuwa na kipande kizuri, kitupu, bapa, karibu na gati. Nikakipaka kijivu nikaandika "ardhi tupu", halafu, kwa akili yangu ya mwaka wa tatu, nikakipendekezea jengo la kuhifadhia samaki lenye ukuta na geti. Nilidhani nawafanyia ihsani.

Barazani tukaitundika ramani kwenye ukuta wa skuli. Mzee mmoja nahodha akasogea, akaitazama kwa utulivu, akaweka kidole.

"Mwanangu, ramani yako ni nzuri. Hapa ni patupu saa ngapi?"

Nikasema sijaelewa.

"Alfajiri nyavu zinaanikwa. Maji yakipwa, vyombo vinalazwa, vinakalafatiwa, vinapakwa mafuta. Alasiri wana wanacheza mpira. Kaskazi ikianza, wageni huja na majahazi wakapiga kambi. Mtu akifa baharini, hapa ndipo anapokelewa. Sasa niambie, ulipoangalia wewe ilikuwa saa ngapi?"

Watu hawakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Tokea siku ile sijaandika neno "tupu" kwenye ramani ya mtu. Ninaandika ninachojua na wakati nilipokijua: "ufuo, umeonekana asubuhi, maji yamejaa, Agosti". Wanafunzi wangu huona ni ushamba. Wacha waone.

Swali la mzee yule si la kijiji kimoja. Mwaka 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa hapa Lamu mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini: bandari, barabara, reli, bomba la mafuta. Kwenye michoro, bahari ya Manda ilikuwa ni buluu tu, kina cha meli. Kwa wavuvi ilikuwa na majina, mlango kwa mlango, mwamba kwa mwamba. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikaona haki zao zimevunjwa, pamoja na haki ya kupewa habari, ya mazingira safi na ya utamaduni, ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Zisome hukumu zote mbili, ziko wazi mtandaoni. Kwangu mimi hizo ni vitabu vya mipango kuliko vile tulivyonunua.

Na bara ni vivyo hivyo. Waorma huja na ng'ombe wakati wa kiangazi. Ukipima malisho yao wakati wa mvua utaandika "tupu". Mashamba ya Waaweer, wanaoitwa pia Waboni, hupumzishwa miaka kadhaa yakaota kichaka, utaandika "msitu". Tangu 2016 kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii, lakini sheria hiyo haitamsaidia mtu ambaye ramani yako imeshamfuta.

Hatua ya 7: Jifunze kuitisha baraza

Hili halifundishwi vizuri popote, ingawa Katiba inalidai. Kuweka tangazo gazetini na kukodi hema si kushirikisha watu.

Chagua siku kwa kalenda ya wenyeji. Ijumaa mchana, sahau. Alasiri ya Ramadhani, utawapata waliolala. Wavuvi uwatafute zaidi majira ya kusi, bahari inapochafuka na vyombo vingi viko pwani. Kaskazi ikitulia watakuwa kazini, nawe utapata saini za wale wale watano wanaohudhuria kila mkutano kwa ajili ya soda.

Wanawake usiwangoje barazani. Wengi hawatakuja, na wakija hawatasema mbele ya wakwe zao. Ingia majumbani, hudhuria chama, kaa uwanjani ndani ukinywa chai. Hapa dada zangu mna nafasi kubwa kuliko wanaume, na ndiyo sababu nawasukuma mwingie kwenye kazi hii. Yote ninayoyajua kuhusu maji ya mji huu, nani huyateka, saa ngapi, kwa bei gani ya mkokoteni wa punda, niliambiwa na wanawake waliokuwa wakisuka makuti.

Lugha nayo. Kiswahili cha ofisini kitakufikisha mlangoni. Kizingitini utajibiwa Kibajuni, Witu Kiorma au Kipokomo, Mpeketoni utasikia Kikikuyu. Mtafute mtu wa pale akutafsirie, umlipe. Na ramani ya karatasi huwatisha watu; chora chini kwa kijiti, weka kome kuwa nyumba na vifuu kuwa visima, uwape wao kijiti. Ukimaliza piga picha. Kisha, jambo ambalo karibu kila mtu hulikwepa, rudi na mpango uliochorwa uwaonyeshe walichokisema kimeingia wapi, na kilichokataliwa kimekataliwa kwa nini.

Hatua ya 8: Kaunta

Ajira yako ya kwanza huenda ikawa kaunta ya maombi ya ujenzi, na hapo ndipo utakapojua sheria. Mtu analeta fomu, michoro, ushahidi wa ardhi, na ripoti ya mpangamiji aliyesajiliwa ikiwa anabadilisha matumizi au anagawa shamba. Unaisambaza faili kwa savea, afya, mazingira, barabara. Ikiwa ni mji wa kale, kwa watu wa hifadhi wa Makavazi pia. Kaunti ina siku 60 za kujibu. Isipojibu kwa maandishi, sheria inahesabu kwamba mwombaji ameruhusiwa. Soma sentensi hiyo mara mbili. Faili iliyosahaulika chini ya kikombe cha chai inaweza kuwa ghorofa nne Mkomani.

Aliyekataliwa anaweza kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti ndani ya siku 14. Anayejenga bila ruhusa anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Lakini aliye mbele yako aghlabu ni binamu yako au rafiki wa babako, na hakuja kusikia vifungu. Atakuja nyumbani usiku na halua. Uwe na jibu moja kwa wote, nalo liwe limeandikwa: kinachokosekana kwenye faili ni hiki na hiki, ukileta Jumatano itaingia kikaoni. Ukianza kumfanyia mmoja hisani ya kupitisha, mji ni mdogo, kufika Isha watu wote wa Langoni wanajua bei.

Kaunta itakufundisha pia jinsi mipango inavyopangana. Juu kuna mpango wa taifa wa 2015 hadi 2045. Kaunti hutakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na Lamu tuna wa 2016 hadi 2026, kwa hiyo unaposoma haya kazi ya kuuhuisha iko mlangoni. Kuna CIDP, mpango jumuishi wa maendeleo ya kaunti wa miaka 5, ambayo ndiyo yenye bajeti. Chini kuna mipango ya miji na vituo. Mpango usioingia CIDP hubaki picha ya ukutani. Nimejenga marafiki wengi zaidi kwenye idara ya fedha kuliko kwenye idara yangu, na sijutii.

Hatua ya 9: Usajili

Bila usajili wewe ni msaidizi wa mtu, hata uwe na digrii tatu. Bodi ya usajili iliundwa kwa sheria yake yenyewe ya 1996, tofauti na ile ya mipango niliyosema imebadilishwa. Jiunge na taasisi ya wapangamiji, KIP, tangu ukiwa mwanafunzi. Ni rahisi zaidi wakati huo. Ukihitimu, fanya kazi chini ya mpangamiji aliyesajiliwa ambaye yuko tayari kukuandikia barua ya ukweli. Weka kila ulichokifanya: ramani, ripoti, kumbukumbu za mabaraza, pamoja na sehemu uliyoifanya wewe mwenyewe. Kwenye usaili watakuuliza hasa hilo, "hapa wewe ulifanya nini?", na kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Ukishasajiliwa, watakuja watu wakitaka saini tu. Ripoti wameshaandika wao, au wameinakili ya ploti nyingine na kusahau kubadilisha jina la mji. Usitie. Nenda kwenye ploti kwanza, hata ikibidi ulipe mashua mwenyewe.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Kazi ya kaunti ni ya uhakika ila mishahara huchelewa wakati mwingine, na nyingi za mwanzo ni za kandarasi. Ushauri binafsi hulipa vizuri kwa vipindi, kisha kimya. Bandari imeleta wanunuzi wa ardhi na kwa hivyo kazi, mingine safi, mingine ya kukukimbiza. Andikianeni mkataba, pokea malipo ya kwanza kabla ya kuanza, na usimfanyie kazi dalali anayekataa kukutajia mwenye ardhi.

Ikiwa umefika hapa na bado unataka, kazi yako ya Jumamosi ni hii. Chagua kipande kimoja cha pwani kati ya Wiyoni na Shela, kisizidi hatua 100. Kichore alfajiri. Kichore tena maji yakipwa, tena alasiri, na tena baada ya Isha ukiwa na tochi. Andika saa, hali ya maji, upepo, waliokuwepo na walichokuwa wakifanya. Usiku wa Jumamosi utakuwa na ramani nne za mahali pamoja zisizofanana. Zilete. Kwenye atachimenti ndizo ninazoziomba kabla ya kuangalia alama zako.